Safari ya mche wa ndizi hadi Kanja

Kwa vizazi vingi, mkulima wa Kanja aliyetaka mgomba alichimbua chipukizi kwa jirani. Pamoja nalo alibeba fukusi, minyoo ya mizizini na mara nyingine ukungu wa mnyauko, adui mkubwa wa ndizi za aina iitwayo Kampala. Miche safi iliyofika baadaye kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya ilizaliwa na swali la maabara: ni nini huiamuru seli ya mmea igawanyike?

Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alitabiri kwamba seli iliyotengwa ingeweza kukuzwa ikawa mmea. Zake zilikataa kugawanyika. Zilikosa amri.

Amri hiyo ilipatikana Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1955, kwa njia ya ajabu. Carlos Miller, katika maabara ya Folke Skoog, alijaribu DNA kuukuu ya manii ya samaki aina ya heringi, na seli za tumbaku zikagawanyika. DNA mpya haikufua dafu hadi ilipopikwa kwa mvuke wenye shinikizo. Kemikali iliyopatikana ikaitwa kinetini. Mwaka 1957 Skoog na Miller wakaonyesha jambo ninaloliona zuri kuliko yote: uwiano ndio unaoamua. Homoni ya oksini ikizidi, mizizi huota. Kinetini ikizidi, machipukizi hutokeza. Zikikaribiana, hubaki donge la seli lisilo na umbo.

Shambani, ncha ya mgomba huyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ndani ya chupa ya maabara, homoni za jamii ya kinetini huyaamsha, na ncha moja huzaa miche kwa mamia; njia hii huitwa tishu kalcha. Katika miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ikishirikiana na shirika la bioteknolojia ya kilimo la ISAAA, ilianza kuifikisha miche hiyo kwa wakulima wadogo wa Kenya, mwanasayansi Dkt. Florence Wambugu akiwa mstari wa mbele.

Mkulima aliambiwa mche ni safi. Naamini hakusisitiziwa vya kutosha kwamba usafi si kinga: Kampala ya tishu kalcha ikipandwa kwenye udongo wenye mnyauko, hunyauka vilevile. Nayo maabara ina mpaka wake. Ncha ikizidishwa mizunguko mingi mno, seli hukosea, na baadhi ya miche hutoka mifupi kupita kiasi au yenye majani yaliyoharibika. Wazalishaji makini husimama mapema na kurudi shambani kutafuta mgomba mama mwenye afya.