Mkwaruzo Kwenye Masizi

Kasisi Stephen Hales wa Teddington, kando ya mto Thames, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuipima presha. Alimfunga farasi jike akamlaza chali, akampenyeza mrija wa shaba kwenye mshipa wa paja, kisha akaunganisha bomba refu la kioo. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1733.

Mchezo huo wa juu na chini ndio ninaoufuata. Mwaka 1808 Thomas Young aliwaeleza wasomi wa Royal Society, London, jinsi pigo linavyosafiri. Moyo ukisukuma damu, ukuta wa ateri hutanuka, na mtanuko huo hukimbia kama wimbi, ukiiacha nyuma damu yenyewe. Mshipa laini hulichelewesha wimbi. Uliokakamaa hulipitisha mbio.

Ila wimbi halikamatwi kwa jicho. Mwaka 1860, Paris, Étienne-Jules Marey alitengeneza sfigmografu: kifaa cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, chenye wenzo mwembamba uliokwaruza mapigo kwenye karatasi ya masizi.

Mwaka 1872 mwanafunzi wa Guy's Hospital, Frederick Akbar Mahomed, akakiboresha kifaa hicho. Babu yake, Dean Mahomed wa Patna, India, alipata jina mjini Brighton kwa kuwakanda watu katika mvuke. Babu alikanda miili. Mjukuu akausoma mshipa. Michoro yake ilionyesha presha iliyopanda hata kwa watu ambao figo zao hazikuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Ugonjwa haujabisha hodi, mshipa umekwisha kuusema. Homa ya matumbo ilimuua mwaka 1884, akiwa na miaka 35.

Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akaleta mkanda wa kujazwa upepo, uliotoa presha kwa namba. Namba ni rahisi kuandika kuliko umbo, na sfigmografu ikasahaulika polepole. Watafiti Bramwell na Hill hawakuliacha wimbi: mwaka 1922 walionyesha namna ya kukokotoa ukakamavu wa mshipa kutokana na kasi ya wimbi hilo.

Leo, ili kupima kasi hiyo, kihisio huwekwa shingoni na kwenye kinena. Mashine huhesabu muda, utepe hupima umbali. Mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kwamba kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde ni ishara ya hatari ya moyo na kiharusi. Lakini kabla namba haijatokea kwenye skrini, hupita kwanza kilima cha wimbi, kama kile alichokisoma Mahomed kwenye michoro yake, kimoja kwa kila pigo.