Hesabu za awali nyumbani: Mtaala upi unamfaa mtoto?

Mzazi anayeamua kumfundisha mwanawe nyumbani aghalabu huhofia hesabu kuliko kusoma. Hofu hiyo humsukuma kununua mtaala uliojaa kurasa za kujumlisha na kutoa, ilhali mtoto wa miaka mitano bado anahesabu kwa vidole.

Haraka hiyo haina msingi. Mwaka 1929, L. P. Benezet, msimamizi wa shule za mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, aliondoa hesabu rasmi katika baadhi ya madarasa ya chini. Watoto walikadiria, walipima, walisoma saa na kusimulia. Kwa maelezo yake, walipoanza hesabu rasmi darasa la sita, waliwafikia wenzao ndani ya mwaka mmoja.

Mtaala mpole hujulikana kwa mpangilio wake: kwanza vitu vya kushika, kisha picha, mwisho tarakimu, kama ilivyo katika vitabu vya Singapore. Maharage na vifuniko vya soda vyatosha kuanzia.

Mtaala ukiwa wa Marekani, chunguza vipimo na sarafu zake. Inchi na senti za dola humchanganya mtoto anayetumwa dukani na shilingi.

Tena, fundisha kuhesabu kwa Kiswahili. "Kumi na moja" humwonyesha mtoto kumi na nyongeza yake. Jina la Kiingereza hulificha jambo hilo. Ukifika ishirini, neno lenye asili ya Kiarabu, msaada huo hukoma. Hapo mfungie vijiti mafungu mawili ya kumikumi, ayahesabu mwenyewe.