Ua la Bukini na Chembe za Saratani

Huenda, ewe msomaji, umepata kuona bustanini ua dogo la rangi ya waridi, lenye petali tano, livumiliale jua na ukame. Asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na wataalamu huliita Catharanthus roseus.

Mmea huu ulienea katika nchi za joto hata ukafika Jamaica, na huko watu walichemsha majani yake wakayanywa kuwa dawa ya kisukari. Mwaka 1952 daktari Mkanada, Clark Noble, alipelekewa kutoka huko bahasha yenye majani 25, akampa ndugu yake Robert, aliyekuwa mchunguzi katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert aliwanywesha panya maji ya majani hayo, lakini sukari ya damu yao haikupungua. Alipowadunga sindano ya maji hayo, panya wakafa kwa maradhi ya kuambukiza.

Mwingine angaliyatupa majani yale. Walakini Noble alitafuta sababu, akaona kwamba chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, zimepungua mno. Basi akajiuliza: je, kitu hiki hakiwezi kuzuia saratani ya damu, ambayo huzidisha chembe hizo kupita kiasi? Yeye na mkemia Charles Beer wakakitenga kitu chenyewe, na mwaka 1958 wakakitangaza. Ndicho kiitwacho vinblastini. Wachunguzi wa kampuni ya Eli Lilly, Marekani, wakapata katika mmea huo huo vinkristini, iliyoruhusiwa huko mwaka 1963, ikawafaa hasa watoto wenye saratani ya damu.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Chembe itakapo kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za protini, zivutazo kromosomu huku na huku. Dawa huishika protini hiyo, nyuzi zisijengeke. Chembe hukwama katikati ya kazi, kisha hufa. Chembe za saratani hugawanyika bila kiasi, kwa hiyo hupatikana na madhara makubwa. Hata hivyo chembe nzima zigawanyikazo upesi, kama zile za uboho wa mifupa, hudhurika pia.

Kwa hiyo, msomaji, usichume majani hayo ukayachemsha, kwani yana sumu, na daktari huipima dawa yake kwa miligramu. Lakini ukiwa maabarani na jaribio lako likatoa jibu usilolitazamia, liandike, kisha uulize kwa nini.