Vani ya Mitumba na Barabara ya Likoni–Lunga Lunga

Kati ya Likoni na Lunga Lunga, gari la kazi ni vani: HiAce au Caravan iliyofanya kazi Japani kwanza, ikashushwa Mombasa, kisha ikaingia barabarani ikiwa imevishwa viti au imeachwa wazi kwa mizigo. Ukiuliza kwa nini vani na si gari jingine, jibu la haraka ni bei. Bei ina uzito wake, lakini haitoshi. Pikapu na magari madogo ya mitumba yalipita bandari ile ile, mengi yakiwa rahisi zaidi, na hayakuitawala njia ya Msambweni. Vani ilishinda kwa sababu biashara ya Kusini Pwani ni ya mizigo midogo inayosafiri pamoja na mwenyewe, na kwa sababu sheria za Kenya, moja baada ya nyingine, ziliyapunguza magari mengine yaliyoweza kubeba vyote viwili.

Tuanze na mzigo. Mama karanga anayenunua samaki dikoni Mkunguni hana shehena ya kujaza lori. Ana ndoo au beseni, na lazima afike kabla samaki hawajaharibika. Ndivyo ilivyo kwa mwenye magunia mawili ya nazi au mkungu wa ndizi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa na shehena za kweli, kilifungwa mwaka 1988, na riziki ya wengi ikabaki katika uchuuzi, uvuvi na shamba. Kivuko cha feri cha Likoni nacho kina sehemu yake. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi, ilhali gari hulipa kwa kadiri ya ukubwa wake na hungoja foleni. Kwa hiyo matatu za kusini zilizoea kugeuzia Likoni, na abiria akavuka na mzigo wake mkononi. Safari ya kilomita 50 hivi hadi Msambweni ilihitaji gari linalojaa upesi na kuondoka upesi. Basi kubwa hungoja abiria. Vani ya watu 14 haingoji sana.

Sheria ndizo zilizofungua mlango. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya bodi ya usafirishaji, na mwaka 1984 Bunge likazitambua rasmi. Vizuizi vya uagizaji vilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Japani ilikuwa tayari na magari ya kuuza. Huko, vani ya mizigo ikishapita miaka yake 2 ya kwanza hukaguliwa kila mwaka kwa gharama, basi mwenyewe huiuza ingali na nguvu. Japani pia huendesha upande wa kushoto kama Kenya, na usukani haukuhitaji kuhamishwa. Kisha kiwango cha KS 1515 kikazuia kuingizwa nchini gari lenye zaidi ya miaka 8, na kanuni za Waziri John Michuki, za mwaka 2003, zikadai mikanda kwa kila kiti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Pikapu zenye mabenchi, ambamo abiria walikaa wakitazamana, hazikuweza kutimiza masharti hayo. Vani iliweza.

Wapo wanaosema ushindi huu uliua viwanda vyetu vya kuunganisha magari, kikiwemo cha Mombasa kilichozaliwa miaka ya 1970. Lawama hiyo ina ukweli: mitumba iliwanyang'anya wateja. Lakini gari jipya la kuunganishwa hapa halikuwahi kuwa ndani ya uwezo wa mchuuzi wa Msambweni, na kumnyima vani kusingemfanya anunue jipya. Kungemrudisha kungoja basi. Wengine husema vani ni hatari. Ni kweli iliyojazwa kupita kiasi huua, ila dawa yake ni kusimamia kanuni zilizopo, maana mahitaji yaliyoileta hayataondoka yenyewe.

Historia hii ina faida kwa anayenunua leo. Kwa kuwa vani ya huku hubeba samaki na watu pamoja, maji ya barafu na chumvi hupenya chini ya mkeka, na hapo ndipo pa kuanzia: inua mkeka, papasa sakafu, tazama reli ya mlango wa kuteleza. Injini iko chini ya viti vya mbele. Mwambie fundi anyanyue kiti, awashe, afungue kifuniko cha oili na atazame moshi. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi hazisemi mengi kama sakafu. Sasa barabara ya Dongo Kundu inawafikisha watu wa kusini hadi bara bila feri, na vani itakayotakiwa huenda ikawa ya safari ndefu na mzigo mzito zaidi. Atakayenunua vizuri ni yule anayejiuliza kwanza mzigo wake ni upi na njia yake ni ipi, kabla ya kuuliza bei.