Wivu wa Auguste ulitangulia kusahau (Sehemu ya 4)

Leo turudi nyuma kidogo, mpaka Ujerumani.

Novemba 1901, mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Daktari aliyemhoji aliitwa Alois Alzheimer. Ndiyo, jina la ugonjwa limetoka hapo. Kinachosimuliwa sana ni kwamba aliulizwa jina la mumewe akataja lake mwenyewe, na huku anakula nyama na koliflawa akasema anakula spinachi. Basi, kasahau.

Lakini maandishi ya Alzheimer ya mwaka 1907, Auguste ameshafariki, yanaanza pengine kabisa. Dalili ya kwanza anayoitaja ni wivu. Mama wa watu alianza kumshuku mumewe, ndipo kumbukumbu nayo ikaanza kupotea kwa kasi. Kilichoonekana mapema kuyumba ni ile namna ya kumpima mtu: huyu namwamini, huyu simwamini.

Hata hivyo demensia ikabaki kuitwa ugonjwa wa kusahau. Mwaka 1994 wataalamu wa Lund, Sweden, na Manchester, Uingereza, walitoa vigezo vya aina nyingine, inayoanzia mbele ya ubongo, ambapo tabia hubadilika mapema na kumbukumbu bado ipo. Na ni 2013 tu ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, ulipoweka uwezo wa kuelewa watu na kuishi nao kati ya mambo sita ya kuangaliwa. Zaidi ya miaka 100 tangu wivu wa Auguste! Mimi naona tumechelewa mno.

Na nyumbani tunachelewa vilevile. Babu anakumbuka majina ya wajukuu wote, hata bei ya mahindi ya mwaka juzi. Halafu inaingia meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", anatuma. Wiki ijayo anatuma tena. Dada wa kazi aliyekaa naye miaka kumi, huyo ndiyo anaitwa mwizi. Au bibi anamtukana mkwe mbele ya wageni na wala haoni aibu. Sisi tunasema uzee, uchoyo, au mkwe kamroga. Ndoa ngapi zimetikisika hapo, jamani?

Jiulize: zamani alikuwa hivi? Kama ni mkali tangu ujana, hiyo ni tabia yake. Kama kabadilika, mpelekeni hospitali, na anayeishi naye aingie kwa daktari, maana mwenyewe ataongea vizuri tu. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata dawa anazomeza vinaweza kumbadilisha mtu, na hivyo vina tiba. Simu ya miamala mkubaliane naye nani amsaidie. Msimnyang'anye.

Kesho sehemu ya 5: hati ya shamba, na nani aweke saini.