Mashapo ya Lupa na Rukwa: Historia Iliyoandikwa na Maji

Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, hujulikana kwa dhahabu. Tangu dhahabu ya mitoni ilipogunduliwa katika eneo la Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wa huko wameishi kwa kuchunguza mchanga. Lakini tabaka za ardhi huzaa pia swali ambalo humfikia mchungaji kutoka kwa vijana wa Kipaimara: je, zinayapinga maneno ya Mwanzo? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tabaka hizo zinavyofanyika, jinsi wanadamu walivyojifunza kuzisoma, na yale zinayoyafunua karibu nasi.

Miamba migumu ya Lupa ina umri wa karibu miaka bilioni 2, na dhahabu imo katika mishipa ya mawe meupe ipitayo ndani yake. Jua, mvua na mizizi huivunjavunja miamba hiyo, na vijito huchukua vipande vyake. Maji yapunguapo kasi, kilicho kizito hutangulia kutua: dhahabu na kokoto kwanza, kisha mchanga, na mwisho udongo laini mahali palipotulia. Mchimbaji anayezungusha karai hurudia kazi ile ile ya mto. Hayo ndiyo mashapo. Yakifunikwa na mengine kwa muda mrefu, uzito huyakamua maji, na chokaa au madini ya chuma huzigandisha chembe zake. Hivyo mchanga huwa jiwe, nayo mimea ya vinamasi vya kale huwa makaa ya mawe, kama yale ya Kiwira.

Kanuni ya kuzisoma tabaka ilitolewa na Nicolaus Steno, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638, mwana wa mfua dhahabu, aliyelelewa katika Ulutheri na baadaye akawa askofu Mkatoliki. Mwaka 1669 alieleza kwamba tabaka la chini lilitangulia lile lililo juu yake, na kwamba tabaka zote zilitandazwa zikiwa bapa. Zikionekana zimeinama, kuna kilichozisukuma. Yeye mwenyewe aliihesabu miaka ya dunia kuwa elfu chache tu, na sehemu ya tabaka alizihusisha na Gharika. Kanuni yake, hata hivyo, ilidumu kuliko hesabu yake. Waliomfuata waliona bahari, kinamasi na nchi kavu vikipokezana mara nyingi. Mwaka 1831 kasisi Mwanglikana Adam Sedgwick, profesa wa Cambridge, aliyewahi kuzihusisha kokoto za juu ya nchi na Gharika moja, alikana hadharani maoni yake hayo. Hakuiacha imani yake wala wito wake.

Ushahidi wa namna hiyo hauko Ulaya tu. Kutoka nyanda za Chunya ardhi huteremka hadi bonde la ufa la Rukwa, ambalo limekuwa likididimia na kupokea mashapo kwa vizazi visivyohesabika. Katika mawe mekundu ya mchanga, kwenye bonde la mto Songwe uingiao Ziwa Rukwa, wataalamu walipata mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 2010 walimtangaza Pakasuchus, jamaa ya mamba mwenye meno kama ya mnyama anyonyeshaye. Mwaka 2014 Rukwatitan, dinosaria mkubwa wa miaka ipatayo milioni 100 iliyopita. Na mwaka 2017 Shingopana, ambaye jina lake ni Kiswahili chetu. Mifupa ya Shingopana ina matundu ya wadudu: mzoga ulikaa kwanza, wadudu wakautoboa, ndipo ukazikwa. Katika tabaka za Nsungwe, zilizo changa zaidi, yalipatikana mabaki ya nyani wawili wa kale yaliyotangazwa mwaka 2013. Majivu ya volkano yaliyomo humo yalionyesha umri wa miaka milioni 25 hivi. Mafuriko ya mara moja yangewachanganya viumbe hawa. Tabaka zimewatenga, kila mmoja na zama zake.

Kwa hiyo haitupasi kushika kisukuku mimbarani kama uthibitisho wa Gharika, wala kumwambia kijana achague kati ya mwalimu wake na Maandiko. Mwanzo hutangaza nani aliyeumba. Unene wa tabaka hauliongezi wala haulipunguzi tangazo hilo. Atakayejengewa imani juu ya hoja dhaifu ataiacha siku hoja itakapoanguka.

Tena, mashapo huhifadhi na matendo yetu. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu huingia katika matope ya vijito, na kutoka humo huweza kuwafikia samaki na walaji wake. Mchanga usiogandishwa hauna nguvu za jiwe, na shimo lisilowekewa magogo huweza kumfukia mchimbaji. Mchungaji anayejua jinsi mwamba unavyofanyika ana la kusema juu ya haya, si kwenye maziko peke yake, bali mapema, washarika wangali wakienda mashimoni.