Kura ya Kieni: Hofu ya ardhi ilivyouunganisha Mlima

Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa mtiifu kwa serikali na si mfuasi wa Mau Mau. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa. Wameru ndio waliofaidika na vyeti hivyo, na Bernard Mate wa Meru akamwangusha Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo mwaka 1944. Katika nchi ya Mlima Kenya, kura iliingia pamoja na swali la nani mwaminifu kwa nani.

Naro Moru, katika eneobunge la Kieni huko Nyeri, wakati huo ilikuwa kituo kidogo cha reli ya Nanyuki, katikati ya mashamba ya walowezi. Mwafrika aliishi hapo kama kibarua au skwota. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya Kieni yaligawiwa wananchi kupitia skimu za makazi, na mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika ambavyo wanachama walichanga hisa kidogo kidogo. Waliokosa ardhi Nyeri walikwenda Laikipia, Nakuru na Uasin Gishu. Huo ndio mzizi wa siasa za Mlima: mtu ana ekari chache Kieni, na ndugu yake yuko Molo au Burnt Forest, katika Bonde la Ufa. Usalama wa yule ndugu ukaonekana kumtegemea aliye Ikulu.

Tom Mboya, waziri Mjaluo, alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, hofu hiyo iligeuzwa kiapo. Watu walisafirishwa kwa malori hadi Gatundu kuapa kwamba urais hautatoka katika nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Viongozi wa makanisa walipinga. Oktoba mwaka huo watu walipigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta, na chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Kwa hiyo Wajaluo nao wakabaki na hofu yao, yenye sababu kama ya Mlima, na kila upande ukapiga kura kwa miaka mingi ukiikumbuka.

Vyama vingi vilirudi Desemba 1991, wakati mapigano yalikuwa yameshaanza Bonde la Ufa. Kamati ya bunge ya mwaka 1992 ilihesabu vifo 779 na makumi ya maelfu ya watu walioachwa bila makao. Hata hivyo, Mlima haukuwa na sauti moja. Nyeri ilimfuata Mwai Kibaki na chama chake cha DP, Murang'a na Kiambu zikamfuata Kenneth Matiba. Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata 26 na Kibaki 19. Funzo walilolitoa wengi lilikuwa kwamba kugawanyika ndiko kushindwa. Januari 1998, baada ya Moi kumshinda Kibaki tena, Wakikuyu wa Ol Moran na sehemu nyingine za Laikipia walishambuliwa, katika wilaya inayopakana na Kieni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 2002 hofu ilipumzika. Wagombea wakuu wawili, Kibaki na Uhuru Kenyatta, walikuwa Wakikuyu, na ni Raila Odinga, Mjaluo, aliyesimama Uhuru Park kutamka "Kibaki Tosha". Kibaki alipata asilimia 62, na Wakenya wa kila kabila walishangilia pamoja.

Muungano wa Kibaki na Raila ulivunjika upesi. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliishia kwa vifo 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Wakikuyu walichomwa kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret. Huko Naivasha Wajaluo walichomewa nyumba kwa kulipiza kisasi. Lakini katika uchaguzi huo huo, Kieni ilimpa Kibaki kura zake na papo hapo ikamwangusha mbunge Chris Murungaru, aliyekuwa waziri wake mwenye nguvu. Mbunge alipimwa kwa kazi yake. Urais ulipimwa kwa kipimo kingine, cha kujikinga.

Kujikinga huko ndiko kulikomwezesha Uhuru kuungana na William Ruto mwaka 2013, jamii zao zilizopigana, Wakikuyu na Wakalenjin, zikipigia kura tiketi moja. Na mwaka 2022, Uhuru, rais aliyekuwa akiondoka, alipowaomba watu wake wamchague Raila, walikataa. Nyeri ilimpa Ruto kura kwa wingi mkubwa, mgombea mwenza wake akiwa Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira. Mlima ulionyesha kwamba unaweza kumchagua Mkalenjin. Lakini Raila alikuwa ametiliwa shaka huko kwa miongo mingi, na ahadi kwamba waliompigia Ruto kura wangekuwa "wenyehisa" wa serikali ilirudisha hesabu ya kabila kwa mlango mwingine. Oktoba 2024 bunge lilimwondoa Gachagua katika unaibu rais, na wengi Mlimani wakaona wamesalitiwa tena.

Hofu hii haikutoka hewani. Ina makaburi na mashamba yaliyopotea, na anayeidharau hawajui watu wa Kieni. Lakini zaidi ya miaka 60 imetuonyesha kwamba kura ya kujikinga haikingi. Kanisa la Kiambaa lilipochomwa, Kibaki alikuwa Ikulu. Kilicholeta utulivu Bonde la Ufa ni mapatano kati ya jirani na jirani, na kinachohitajiwa Naro Moru, nchi kavu inayotegemea mito ya Mlima, ni maji ya kunyunyizia, bei ya haki ya viazi na hatimiliki isiyotikisika. Mwaka 2027 mpiga kura wa Kieni anapaswa kumpima mgombea urais kama alivyompima mbunge wake mwaka 2007: amefanya nini, na atafanya nini kwa ajili ya wote, hata wale wasio wa nyumba yake.